Jibu: Kwa nini weusi wa Marekani wanakinyima kura chama cha Republican, chama cha Rais Lincoln aliyetangaza uhuru wa watumwa?

Waalaikumu salaam, shekhe wangu. Kilichoharibu ni 1964. Seneta Barry Goldwater aliipinga Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, na mwaka huohuo Republican wakamsimamisha kugombea urais! Eisenhower 1956 alipata zaidi ya thuluthi ya kura za weusi. Tangu Goldwater hakuna mgombea wao aliyekaribia hapo, ingawa Trump kavuta vijana kidogo 2024. Sisi Wapemba tunalijua hili. 1995 CUF, chama cha upinzani, ilibeba majimbo yote 21 ya uchaguzi ya Pemba. Fulana na kofia za kampeni za chama tawala, CCM, watu walizipokea, wakazivaa kuchumia karafuu, kura wakapeleka walikotaka. Republican nao waache kutafuta sura nyeusi za kuweka jukwaani, walegeze kwanza masharti ya kupiga kura kwenye majimbo wanayoyatawala.