Maswali ya Wasomaji: Kurekebisha Umbo la Pua

SWALI: Pua yangu ni pana, mgongo wake umelala na ncha yake ni nene. Nimesikia kuna sindano inayonyoosha pua bila kisu. Je, itanitosha?

JIBU: Dada, sindano huongeza, haipunguzi. Inaweza kuinua mgongo uliolala au kufukia kibonde kidogo, lakini haitapunguza upana wa mbawa, yaani kuta za pembeni za matundu ya pua, wala unene wa ncha. Inayotumika zaidi ni ya asidi ya haialuroniki, kijazio kama jeli kinachowekwa chini ya ngozi, na matokeo yake hudumu kati ya miezi 6 na 18 hivi, kisha unarudia.

Usiichukulie kama urembo wa saluni. Pua ni miongoni mwa sehemu za hatari zaidi kudungwa, kwa sababu mishipa yake ya damu inaungana na ile ya macho. Dawa ikiingia ndani ya mshipa, ngozi inaweza kufa, na jicho linaweza kupofuka. Maumivu makali, ngozi kupauka au kuwa na mabaka ya zambarau, au macho kufifia, ni dharura ya papo hapo. Anayekudunga lazima awe na dawa ya kuyeyusha ile asidi, mkononi, siku hiyohiyo. Vijazio vya kudumu haviyeyuki, vikatae kabisa.

Kwa ulivyoieleza pua yako, upasuaji ndio unaogusa shida zote tatu. Mbawa hupunguzwa kwa kukata kipande chembamba pale zinapoungana na shavu, na kovu hujificha kwenye mkunjo. Zikikatwa kupita kiasi tundu hubana, na kulipanua tena ni kazi ngumu mno. Mgongo huinuliwa kwa gegedu (ule mfupa laini unaopindika) lako mwenyewe, kutoka ukuta wa katikati ya pua, sikio au ubavu. Silikoni hurahisisha kazi, ila inaweza kuambukizwa au kusukuma ngozi hadi ikatokeza nje, hata miaka mingi baadaye.

Kuhusu ncha, wengi hudhani dawa yake ni kupunguza gegedu. Ngozi nene haisinyai kulifuata gegedu lililopunguzwa. Inabaki imelegea juu yake, chini yake kovu linajijenga, na ncha inatoka mviringo kuliko mwanzo. Daktari mzuri huliimarisha gegedu ili liisukume ngozi na kuipa umbo. Kwa kazi ya namna hii wengi hufungua pua kwa mkato mdogo kwenye nguzo ya katikati ya matundu, waone wanachofanya. Kama umewahi kuota kovu nene mahali popote mwilini, mweleze mapema.

SWALI: Nitamjuaje daktari anayefaa? Mitandaoni kila mmoja ni bingwa.

JIBU: Anza na baraza la madaktari la nchi anakofanyia kazi. Tafuta jina lake kwenye orodha ya waliosajiliwa, uone amesajiliwa kama bingwa wa nini. Wanaostahili ni bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, au bingwa wa masikio, pua na koo aliyejifunza zaidi upasuaji wa uso. Cheti cha semina ya siku mbili hakihesabiki.

Kisha muulize amefanya pua ngapi mwaka uliopita, na ngapi zilifanana na yako. Omba picha za kabla na baada, mwanga uleule, pembe ileile, zilizopigwa mwaka mmoja baada ya upasuaji. Picha ya wiki ya tatu bado ni uvimbe. Uliza nani atakulaza usingizi na mgonjwa akizidiwa anapelekwa wapi. Uliza pia nani hulipia marekebisho, na upewe jibu kwa maandishi: hata mikononi mwa mahiri, baadhi ya pua hurudiwa, na kwa kawaida si kabla ya miezi 12.

Angalia anakuchunguza vipi. Asiyeingiza taa puani na kuuliza unavyopumua hajaanza kazi, maana pua ikipunguzwa ovyo hewa huziba. Sisi humwamini zaidi yule anayekwambia waziwazi lisilowezekana. Anayekuhimiza ulipe leo ili upate punguzo, mwache.

SWALI: Nitapona lini? Na binti yangu wa miaka 14 naye anataka.

JIBU: Kifuniko kigumu kinachowekwa juu ya pua baada ya upasuaji hutolewa baada ya siku 7 hivi, na michubuko huisha ndani ya wiki 2. Miwani isikalie pua kwa wiki 4 hadi 6. Uvimbe wa ncha hukawia mwaka, na kwa ngozi nene hata zaidi. Acha sigara wiki 4 kabla na 4 baada. Aspirini na dawa za mitishamba usiziache wala kuziendeleza bila kumwuliza daktari. Pua ikiziba ghafla pande zote huku maumivu yakizidi, rudi hospitali siku hiyohiyo: damu iliyokusanyika kwenye ukuta wa kati huua gegedu, na mgongo wa pua hubonyea.

Binti asubiri. Pua ya msichana kwa kawaida hukamilika kukua kwenye miaka 15 au 16, ya mvulana 17 hivi. Kwa sasa msikilize: akiwa anachekwa shuleni, au anashinda kwenye kioo na hataki kutoka nje, mpeleke kwanza kwa mshauri wa saikolojia.