Wasifu wa marehemu aliyekuwa mtu wa benki, mtu wa mpira na mtu wa familia: namna ya kuuandika usigeuke CV

Mkuu, poleni sana wewe na familia yote. Umesema baba yako mkubwa alifanya kazi benki tangu ujana mpaka kustaafu, alicheza mpira wa mashirika, utu uzimani akahamia kwenye mbio, mizaha yake haikuisha, na ameacha watoto kwa mama wawili. Kikao cha familia kimekukabidhi wasifu, maziko ni Jumamosi baada ya ibada kanisani, na mkononi una CV yake tu. CV itakusaidia kupata majina ya vyuo na vituo vya kazi. Baada ya hapo iweke pembeni, kwa sababu watu watakaokaa kwenye yale maturubai hawaji kumwajiri, wanakuja kumkumbuka.

Anza na muda, maana ndio utakaokuambia uandike kiasi gani. Uliza leo kwa mchungaji au mzee wa kanisa umepewa dakika ngapi. Kwa Wakatoliki uliza pia wasifu unasomwa saa ngapi, kwa kuwa mahubiri ya misa ya mazishi si mahali pa kumsifu marehemu; parokia nyingi huuweka kabla ya misa au mwishoni, na nyingine huutaka usomwe nyumbani. Msomaji wa msibani, akivuta pumzi na kusimama kidogo, husoma maneno 90 hadi 100 kwa dakika. Dakika sita ni maneno 550 hivi, kama kurasa mbili za A4 kwa herufi za ukubwa wa 14 na nafasi ya mistari ya 1.5. Mimi ningeyagawa hivi: kuzaliwa na shule 80, kazi 120, michezo 100, tabia na vituko vyake 120, familia 90, ugonjwa na mauti 40. Wasifu mwingi unaochosha umetumia nusu nzima kwenye shule na vyeo.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui mpaka wameshika kipaza sauti: mwaka ukisomwa kwa ukamilifu ni mrefu. "Elfu moja mia tisa sabini na nne" ni maneno saba. Miaka kumi ya namna hiyo inakula karibu robo tatu ya dakika. Baki na miaka mitano au sita ya lazima: kuzaliwa, ndoa, kuajiriwa, kustaafu, kufariki. Kwenye nakala ya msomaji andika "mwaka sabini na nne" kwa maneno, asije akababaika.

Sasa kukusanya habari. Tafuta watu sita: mjane, mtoto wa kwanza, kitinda mimba, ndugu yake wa kuzaliwa, mwenzake mmoja wa kazini, na mmoja aliyecheza naye. Dakika kumi na tano kwa kila mmoja zinatosha, na waombe ruhusa uwarekodi kwa simu. Usiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Swali hilo lina jibu moja nchi nzima: mcheshi, mpole, mpenda watu. Uliza vitu vinavyoshikika. Jumamosi asubuhi alikuwa anaamkia wapi? Akifungwa goli alisema nini? Kazini alikuwa anakaa dawati gani, na saa ya chakula alikula na nani? Mtoto akileta matokeo mabaya ya shule alifanya nini kwanza? Jibu likija na jina la mahali, kifaa au saa, hapo umepata sentensi.

Upande wa kazi ndiko wasifu wa watu wa benki unakoharibika, na wastaafu wenzake watakaokaa mstari wa mbele watasikia kosa kabla ya mtu mwingine yeyote. Benki za nchi hii, Tanzania, zimebadilika majina na wenyewe mara nyingi, na familia hulitumia jina la leo kwa miaka ya zamani. Serikali ilitaifisha benki binafsi tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, na NBC, yaani Benki ya Taifa ya Biashara, ikaundwa hapo. Mtu hawezi kuwa aliajiriwa NBC mwaka 1965. Huyo aliajiriwa Barclays D.C.O., au Standard, au National and Grindlays, kisha akaingia NBC pamoja na tawi lake. Vivyo hivyo "alianza kazi NMB mwaka 1982" si kweli: NMB ilitoka ndani ya NBC ilipogawanywa mwaka 1997, kwa hiyo alianza NBC, akajikuta mtumishi wa NMB huenda bila hata kuhama dawati. CRDB ilikuwa TRDB, benki ya maendeleo vijijini, tangu 1971, ikachukua jina la CRDB mwaka 1984, na CRDB ya wanahisa binafsi ni ya 1996. Benki Kuu ilianza kazi Juni 1966, na People's Bank ya Zanzibar ni ya mwaka huohuo. Kama marehemu aliuza hisa, soko la hisa la Dar es Salaam lilifungua milango Aprili 1998, si kabla. Wenye ndugu waliofanya kazi Kenya nao waangalie: KCB kwa jina hilo ni ya 1970, ilipotoka kwa National and Grindlays, na Equity ilianza 1984 kama chama cha kukopesha nyumba, ikapata leseni ya benki 2004.

Hiyo historia usiisome kanisani. Kazi yake ni kukusaidia kupanga tarehe. Weka mwaka wa kuzaliwa, wa kumaliza shule, wa kuajiriwa na wa kustaafu kwenye mstari mmoja, halafu hesabu umri wake kwa kila tukio. Akionekana ameajiriwa akiwa na miaka kumi na miwili, kuna mwaka mmoja ulioandikwa vibaya. Kwa watumishi wa umma wa miaka ya karibuni, kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60; ukiona amestaafu na 67, huenda mkataba wa baada ya kustaafu umechanganywa na ajira yenyewe. Cheo kichukue kwenye barua ya uteuzi. Kaimu meneja na meneja wa tawi ni watu wawili tofauti kwa waliofanya naye kazi. CPA nayo itamke baada ya kuona cheti cha NBAA, bodi ya wahasibu, maana kusoma masomo ya uhasibu chuo cha IFM si sawa na kuwa mhasibu aliyesajiliwa.

Halafu ieleze kazi yake ili bibi aliyetoka kijijini aielewe. "Alihudumu katika idara ya mikopo na kusimamia uwiano wa mikopo chechefu" haimfikii mtu. Andika, kama ndivyo ilivyokuwa: "Alikuwa afisa mikopo. Mtu akiomba mkopo wa duka au shamba, yeye ndiye aliyekwenda kuliona duka, akahesabu mali rafuni, akarudi kuandika kama benki itoe fedha au isitoe." Usiandike kamwe "aliwasaidia wengi kupata mikopo". Unamsifu kwa nia njema, lakini kwa mtu wa ukaguzi sentensi hiyo inasema alipendelea watu. Majina ya wateja wake nayo yaache kabisa, hata aliyefanikiwa sana. Siri ya mteja haiishi mwenye kuitunza anapofariki.

Mahali pazuri pa kuonyesha fedha na utu wake kwa pamoja ni nje ya ofisi. Watu wa benki ndio huangukiwa na uweka hazina wa kanisa, wa ukoo, wa kikoba cha mtaa. Uliza hapo. Kama ndiye aliyekifundisha kikundi cha kina mama kutumia sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikikaa kwa watu watatu tofauti na sanduku kwa mtu wa nne, fedha zikahesabiwa kwa sauti mbele ya wanachama wote, basi sanduku hilo liingie kwenye wasifu. Linaeleza uaminifu wake kuliko neno "mwadilifu" likisomwa mara tatu.

Michezo ina mitego yake ya tarehe. Klabu ya Simba ilikuwa inaitwa Sunderland mpaka 1971, kwa hiyo aliyeichezea mwaka 1968 aliichezea Sunderland, na wazee wa Msimbazi watafurahi kulisikia jina hilo. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa 2007 na ulipewa jina hilo 2020. Mechi ya Uwanja wa Taifa ya mwaka 1978 ilichezwa kwenye ule wa zamani, ambao leo ni Uwanja wa Uhuru. Tofautisha kuichezea timu ya kwanza, timu ya vijana, na kuwa mwanachama mwenye kadi, maana ukikosea hapo mabishano yatahamia makaburini. Kwa mpira wa mashirika sema timu ya benki gani, nafasi gani uwanjani, na kama walikwenda SHIMUTA, yale mashindano ya mashirika, mkoa upi. Kwenye mbio, marathoni ni kilomita 42.195 na nusu yake ni 21.1, zile za kilomita tano ziite kwa jina lake, bado ni sifa kwa mzee wa miaka 65. Ukiambiwa alikimbia Kilimanjaro Marathon miaka ya tisini, uliza tena ni mbio zipi, maana hizi za sasa za jina hilo zilianza 2003.

"Alikuwa mpenda michezo" ni sentensi ya kufuta. Iandike hivi, ukibadilisha kwa ukweli wa kwenu: "Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi alikuwa ameshafunga kamba za viatu, na kwenye timu ya maveterani aliyechelewa alinunua maji ya wote. Siku aliyochelewa yeye, alinunua katoni mbili." Maneno thelathini hivi, na ndani yake kuna mwanamichezo, mtu wa nidhamu na mtu wa furaha.

Kuhusu mizaha, chagua kisa kimoja tu, kisichomwaibisha aliye hai. Msomee mjane kwanza. Akicheka, weka; akinyamaza, toa, na usimuulize sababu. Vile visa vizito vizito waachie watani. Kama kwenu utani upo, watani wana kazi yao msibani: watamwigiza alivyotembea, watajilaza njiani jeneza lisipite mpaka walipwe, watamdai deni la pombe ambalo halikuwahi kuwepo. Hayo yakisemwa na mtani yanawapumzisha wafiwa. Yakisomwa na wewe kwenye karatasi mbele ya mchungaji yanakuwa utovu wa adabu.

Familia sasa, na hapa nakuomba usiandike peke yako. Kabla ya Ijumaa mchana kaa na wazee wawili, pamoja na mtu mmoja kutoka kila upande wa watoto. Somea majina yote kwa sauti, hesabu, kisha linganisha idadi na majina: ukisema "ameacha watoto saba", yawepo majina saba. Wapange kwa umri bila kutaja nani ni wa mama yupi, isipokuwa wenyewe wametaka. Mtoto aliyezaliwa nje na anayejulikana kwa ukoo aingie. Akiachwa, atasimama mwenyewe pale makaburini, na hakuna atakayekumbuka kitu kingine kuhusu siku hiyo. Watoto waliotangulia mbele ya haki watajwe pia, mama zao wanasubiri kusikia. Kuna na sababu ya baadaye: ukoo utakapokaa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari wa kikao utapelekwa mahakamani, na orodha ya watoto humo ikitofautiana na iliyosomwa mbele ya watu mia tatu, maswali yataanzia hapo.

Ugonjwa, sentensi mbili. Aliugua lini, alifia wapi, basi. Jina la ugonjwa liwe ni uamuzi wa mjane na watoto.

Madeni yasiingie kwenye wasifu. Kwa mtu wa fedha hili lina uzito, maana huenda alidhamini mikopo ya ndugu, alikopesha kwa mdomo, au ana fedha za kikundi mkononi. Awepo msemaji wa familia, asiye wewe, atakayetangaza mwishoni kwamba anayedai au kudaiwa amwone fulani, kwa jina na namba ya simu, bila kutaja kiasi. Na mweka hazina msaidizi wa kila kikundi apewe daftari na funguo mapema, wiki hiihii.

Kwa familia za Kiislamu zinazosoma uzi huu: maziko hayasubiri wasifu. Andaeni maneno 100 hadi 150 ya kusomwa nyumbani kabla ya kuondoka, pamoja na tangazo la madeni, na ule mrefu uwekeni kwa ajili ya hitima.

Msomaji asiwe mtoto wa marehemu. Mpwa au jirani mwenye sauti anafaa zaidi, na pembeni yake asimame mtu wa pili mwenye nakala yake, tayari kupokea katikati ya sentensi. Wasome kwa sauti mara mbili Ijumaa usiku wakipima muda kwa simu. Ukizidi dakika, kata shule kwanza, kisha vyeo vya kati; michezo na sanduku la kikoba usiviguse.

Kijitabu mkichapa, kurasa ziwe nne, nane au kumi na mbili, kwa sababu karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne za A5. Picha ya jalada msiitume WhatsApp kama picha, inabanwa na itatoka na ukungu. Itumeni kama dokumenti. Kwa upana wa sentimita 10 inahitaji pikseli zisizopungua 1,200. Mkiwa nazo mbili, ya suti na ya jezi, ya suti iwe mbele na ya jezi nyuma, kila moja ukurasa mzima. Mtu wa stationery apewe faili kabla ya saa sita mchana Ijumaa, na kabla hajachapa nakala zote atoe moja, mjane aisome majina.