Papa wa kukaanga wa Cádiz: harufu kali na unga unaobanduka

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba ulijaribu cazón en adobo, yule papa mdogo wa kukaanga wa Cádiz, kusini mwa Hispania, lakini vipande vikatoa harufu ya mkojo na unga ukabanduka ndani ya mafuta.

Anza na samaki mwenyewe kabla ya viungo. Nyama ya papa ina urea, ambayo hugeuka amonia, yenye harufu kama ya mkojo, kadiri samaki anavyokaa bila barafu. Ikiwa harufu inachoma pua angali mbichi, usimpike, kwani siki itaficha ubovu tu. Harufu ikiwa hafifu, mwoshe, mkate vipande vya tonge, kisha mloweke kwenye friji usiku kucha katika siki iliyopunguzwa kwa maji, pamoja na kitunguu saumu kilichopondwa, oregano (majani makavu ya kiungo), bizari nyembamba, paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) na chumvi.

Unga hubandulika kwa sababu ya maji. Chuja vipande, vikaushe kwa kitambaa hadi visiache unyevu vidoleni, vigaragaze kwenye unga wa ngano, ukung'ute uliozidi, na uvitie papo hapo katika mafuta ya nyuzi 180 za Selsiasi, vichache vichache. Mimi huongeza unga kidogo wa dengu, ule wa bajia, nao hushika vizuri zaidi.