Kabla hujakopa kununua mashine kubwa ya kukaangia kahawa

Tangu nibandike picha ya mashine yetu mpya ya kilo 15, simu haijapumzika. Wengi wametuma hongera, na nawashukuru. Ila kuna ujumbe mmoja ulionitoa kitandani. Kijana anaandika: "Shikamoo dada. Ninakaanga kwa mashine ya kilo 5 na ninauza kama kilo 150 kwa wiki. Nimepata mteja anayetaka tani moja kila mwezi. Benki imeshakubali kunikopesha. Ninunue ya kilo 15 kama yako, au niruke moja kwa moja hadi 30?"

Marahaba, mdogo wangu. Hilo ni swali la mwisho, na wewe umeanza nalo. Chukua karatasi kwanza.

Mashine inayoitwa ya kilo 5 haikaangi kilo 5 kwa mkupuo mmoja kwa raha. Wengi wetu tunapakia 4, ili punje zipinduke na hewa ya moto ipite katikati yake. Kahawa nayo hupungua ikikaangwa: maji hutoka, na sehemu ya punje hugeuka gesi. Ukiikaanga kidogo unapoteza kama asilimia 12, ukiikaanga mpaka ing'ae mafuta unafika 20. Tuseme 16. Kwa hiyo kilo 4 mbichi zinakurudishia kilo 3.36. Ukitoa mikaango minne kwa saa, ambayo ni mwendo wa kawaida kabisa, una kilo 13 na ushee kila saa. Kilo zako 150 basi ni kazi ya saa kumi na moja na kidogo. Kwa wiki nzima! Muda mwingine wote mashine yako imekaa kama pambo.

Sasa mwongeze mteja wa tani moja. Hizo ni kilo 230 hivi kwa wiki, jumla 380. Saa 28 na kidogo. Ugawe kwa siku tano, hufiki hata saa sita kwa siku, na bado una muda wa kuipasha moto asubuhi na kuisafisha jioni. Yaani mashine unayotaka kuikimbia inaweza kumbeba mteja huyo mwenyewe, na benki ikabaki na hela zake.

Najua utasema, "Lakini dada, mbona tayari tunachelewesha oda?" Nasi tulikuwa tunachelewesha. Mwenzangu tuliyeanza naye biashara alikuwa na uhakika kwamba dawa ni mashine ya kilo 30, na alishaomba bei kwa wauzaji. Mimi nikachukua daftari, nikakaa kwenye kona ya chumba cha kukaangia nikiandika kila kitu kinachofanyika na kinachukua dakika ngapi. Wafanyakazi walidhani nawachunguza wao. Nilichokiona ni kwamba kahawa ilikuwa inatoka kwenye mashine vizuri tu, inapoa, halafu inakwenda kukwama kwenye meza ya kufungashia. Binti mmoja alikuwa anapima kwa mizani, anajaza vifuko kwa kijiko, anabandika lebo kwa mkono, anabana kwa moto. Kufikia saa sita mchana ndoo zilikuwa zimejipanga mpaka mlangoni.

Tungenunua mashine ya kilo 30 tungekuwa tumenunua ndoo nyingi zaidi za kupanga mlangoni. Tukanunua mashine ndogo ya kupimia na kujazia, na ya kubania yenye mkanda. Gharama yake ilikuwa sehemu ndogo sana ya ile bei aliyoleta mwenzangu. Ucheleweshaji ukaisha.

Hapo ndipo tulipovunjika. Aliniita mwoga mbele ya wafanyakazi. Alisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami sitaki kuinama. Mtu niliyekuwa nimeinama naye usiku kucha tukifunga vifuko! Akaondoka, na baadhi ya wateja wakaondoka naye. Yamepita, na sisemi haya ili nimseme. Nasema kwa sababu kila anayepanga kukua atakutana na mtu wa kumwambia kuwa hesabu ni woga. Sikilizeni na mkae kimya. Mwenye kukuita mwoga hatasaini mkopo pamoja nawe.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo wakaangaji wengi wanaishiwa pumzi huku oda zikiwa zimejaa.

Tani moja ya kahawa iliyokaangwa inataka karibu kilo 1,200 mbichi. Hayo ni magunia 20 ya kilo 60. Muuzaji wa kahawa mbichi, hasa kwa mnunuzi mdogo kama wewe na mimi, anataka pesa yake mzigo unapotoka. Mteja mkubwa anataka kulipa siku 60 baada ya ankara, na ankara unaiandika mwisho wa mwezi. Fuatisha miezi kwa kidole: mwezi wa kwanza magunia 20, wa pili 20, wa tatu 20, na ndipo hela ya mwezi wa kwanza inaingia, kama haikuchelewa. Ikichelewa kidogo tu, unatakiwa kununua ya mwezi wa nne kabla hujashika hata senti. Magunia 60 mpaka 80 yamelipiwa kutoka mfukoni mwako. Na kumbuka kahawa ni zao la msimu. Ukipata shehena nzuri huwezi kuinunua gunia kwa gunia, unailipia mapema au anaichukua mwingine.

Sasa niambie, mkopo ukishaisha wote kwenye mashine, hayo magunia utayanunua na nini?

Halafu kuna bei. Mkubwa wako huyo ataomba umpe bei moja ya mwaka mzima. Wote wanaomba. Katikati ya mwaka 2020 kahawa mbichi ya arabika kwenye soko la New York ilikuwa inazungukia dola moja kwa ratili, yaani chini kidogo ya nusu kilo. Julai 2021 baridi kali ikapiga mashamba ya Brazil, na Februari 2022 bei ikapita dola 2.50. Februari 2025 ikapita dola 4, kiwango ambacho haikuwahi kukifika kabla. Fikiria umesaini bei ya mwaka mzima muda mfupi kabla soko halijaanza kupanda namna hiyo. Kila gunia unalokaanga linakula mtaji, na kadiri mteja anavyoipenda kahawa yako ndivyo unavyofilisika haraka.

Mimi mkataba wa namna hiyo niliukataa, na mwenzangu hakunisamehe kwa hilo pia. Mteja mwenyewe alinitazama kama mtu asiyejua biashara. Nilimwambia nitampa bei yenye vipande viwili: gharama ya kahawa mbichi, inayofuata soko na kuangaliwa upya kila baada ya miezi mitatu, na gharama yangu ya kukaanga na kufungasha, ambayo nitaishikilia mwaka mzima. Akaenda kwingine. Baada ya soko kupanda alirudi mwenyewe, akakubali vipande vyote viwili. Sikumwuliza kilichotokea huko alikokwenda. Nilitamani sana kuuliza.

Niseme hivi kwa wote mnaonisoma, maana najua ndoto yetu ni moja: acheni kupanga ukuaji kwa kutazama picha za mashine. Mnapenda picha. Mtu anapiga picha ya ngoma ya chuma inayong'aa, anapata sifa, hakuna anayemwuliza ana magunia mangapi stoo yaliyolipiwa. Kahawa mbichi iliyolipwa ndiyo biashara. Mkiwa na fedha ya ziada, iende huko kwanza. Pangeni saa kabla ya kupanga kilo. Ongezeni zamu ya pili. Ikiwa zamu mbili hazitoshi, tafuteni mkaangaji mwenzenu mwenye mashine kubwa inayolala mchana na mkodi saa zake, mkaange kahawa yenu wenyewe kwa mkono wenu. Sisi tulikodi hivyo muda mrefu. Ndivyo nilivyojua ni ukubwa gani unanifaa, tena kwa jasho, maana nilikuwa nimezoea mashine inayonitii.

Hilo la kutii linahitaji neno. Mpangilio wa joto unaoutumia kwenye mashine ya kilo 5 hauhami nawe. Chuma ni kingi zaidi na hewa inapita kwa namna nyingine, na joto huchelewa kuitikia unapopunguza moto. Kahawa ileile, punje zikitoa ule mlio wa kupasuka mara ya kwanza kwenye nyuzi zilezile 196 hivi unazozijua, inaweza kukutoka na ladha bapa kama mkate. Tenga kahawa ya kuharibu. Iingize kwenye bajeti kabisa, kama unavyoingiza kodi ya jengo. Na usimpelekee mteja kahawa ya mashine mpya kabla hujaiweka mezani pembeni ya ile ya zamani, vikombe vimefunikwa majina, na watu wako wakashindwa kuzitofautisha.

Kuhusu jengo sitasema mengi, fundi wako atasema. Uliza kama bomba la gesi linatoa msukumo wa kutosha, kama kuna umeme wa njia tatu, kama sakafu inahimili uzito, na kama mlango unapitisha mashine. Usicheke, wapo waliobomoa ukuta. Moshi ni kesi nyingine. Mkaango mdogo majirani wanausifia harufu, mkaango mkubwa wanaupeleka kwa serikali ya mtaa. Ukilazimika kufunga kichoma moshi, kile kinachouchoma tena kwa joto la nyuzi 650 na kupanda, jua kinakula gesi, wakati mwingine kuliko hata mashine yenyewe. Wauzaji hawalitaji hilo mpaka uulize. Makapi, yale maganda membamba yanayobanduka kwenye punje, nayo yanaongezeka sawasawa na kilo, na ni makavu, yanashika moto kwa cheche moja. Mabomba ya moshi yanakokwama yakisafishwa "tukipata nafasi", moto utaipata nafasi hiyo kabla yenu. Pia, kahawa iliyotoka kukaangwa hutoa gesi kwa siku kadhaa, ikiwemo ile ya sumu isiyo na harufu ambayo jiko la mkaa hutoa chumbani. Kwenye ndoo chache si kitu. Kwenye matangi makubwa yaliyofungwa, mtu akiinamisha kichwa ndani anaweza kufa. Mwambieni kila mfanyakazi, na chumba kiwe na kipimo cha gesi hiyo na hewa inayopita.

Sasa mdogo wangu, jibu lako. Mkubali mteja wa tani moja, kwa bei ya vipande viwili na malipo ya siku 30. Akigoma siku 30, aweke malipo ya awali ya kahawa mbichi ya mwezi mmoja. Akigoma yote, hajawa mteja bado. Mkopo uombe mdogo, wa kununua kahawa na vifaa vya kufungashia. Ajiri mtu wa zamu ya pili na umfundishe sasa, kabla presha haijaanza. Saa za mashine zikifika 40 kwa wiki na zikakaa hapo miezi kadhaa, niandikie tena tuzungumzie kilo 15. Kilo 30 usinitajie.

Na siku ukinunua, hiyo ya kilo 5 usiiuze, hata wakuletee bei nzuri kiasi gani. Utaitumia kujaribia kahawa mpya na kwa oda ndogo za kahawa iliyotolewa kafeini, ambazo ni hasara kuzikaanga kwenye ngoma kubwa. Na mota ya mashine kubwa ikiungua, spea ikiwa bado njiani wiki ya tatu, hiyo ndogo ndiyo itakayokuwa inamhudumia mteja wako wa tani moja, usiku na mchana.