Mwanangu, kuhusu lile bakuli la bibi

Mwanangu,

Umeniuliza uvunje lile bakuli la bibi la maua ya bluu, lile lenye ufa, ukalibandike kwenye benchi lako la bustani, au uliache tu kabatini. Sawa, nitafika huko. Ila niambie kwanza, unabandika na nini? Maana watu wengi wanakimbilia ile gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikilowa inalainika, mvua ikinyesha mara kadhaa vipande vinadondoka. Kazi ya nje ni gundi ya vigae ya saruji, ile ya unga unakoroga na maji, na uvae glavu kwa sababu saruji inababua mikono.

Alafu kuna nafasi. Mi nishasema na nitasema tena, mozaiki, yaani pambo la vipande vilivyobandikwa pamoja, ni zile nafasi katikati ya vipande, vipande vyenyewe hata vya jalalani vinatosha. Ndo maana lile benchi letu la kwanza likinijia kichwani bado nakasirika. Mimi na marehemu baba yako tulipanga kipande kwa kipande, we ukawa unatuchagulia vya kijani, tukatoka kidogo tu, baba yako mdogo akapita akaona ndoo ya grauti, ule uji wa saruji wa kujazia nafasi, akaamua atusaidie! Akapaka benchi zima, juu ya vipande na kila kitu, akaenda zake kuangalia mpira. Grauti unaikandamiza iingie kwenye nafasi, unasubiri ianze kushika, alafu unafuta na sponji yenye unyevu, unarudia mpaka rangi zitokee. Yeye hakufuta. Tumerudi imekauka, kijani yote imekuwa kijivu, namuuliza ananijibu "si nimewasaidia shemeji", na baba yako anacheka! Haya, alikuwa na nia njema. Hapana, nia njema gani, mtu alikuwa anawahi mpira.

Tuje kwenye bakuli. Likivunjwa, lizungushie taulo kuukuu ndo upige nyundo, na miwani usoni. Bakuli limepinda kwahiyo vipande viwe vidogo, vikubwa havilali vizuri vinaacha ncha za kukata watu, na ule mduara wa chini linapokalia uukate na koleo ya vigae uutoe kabisa.

Kuna yule Mfaransa wa Chartres, Raymond Isidore, aliyekuja kuwa mfagiaji wa makaburi, kuanzia 1938 alikuwa anaokota vyombo vilivyovunjika akabandika nyumba nzima, kuta, vitanda, mpaka cherehani. Lakini yeye aliokota vilivyotupwa na wengine, sio chombo cha bibi yake, kwahiyo hatusaidii sana hapa. Bibi hakulitupa lile bakuli hata baada ya kupata ufa. Ila pia hakuliweka kabatini, kabatini nimeliweka mimi, yeye alikuwa anawekea vifungo na sindano, linazunguka nyumba nzima. Sasa hapo unaona mwenyewe... basi nanyamaza, bakuli nilishakupa, ni lako, sitaki uje useme mama ndo alisema.

Ukivunja lakini, yale maua usiyatawanye, yaweke pamoja pale kwenye egemeo, chini ya makalio nani atayaona. Na siku ya grauti baba yako mdogo asijue.

Mama