Mkalimani, liangalie vizuri neno "meat"

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa namtafsiria mhubiri mgeni kanisani. Alisoma Mwanzo 1:29 katika Biblia ya Kiingereza ya King James, pale Mungu anapowapa wanadamu mimea yenye mbegu na matunda ya miti. Mstari unaishia na "meat", nami bila kusita nikatamka: "vitakuwa nyama yenu." Ibada ilipokwisha, bibi mmoja akanishika mkono. "Mwanangu, Biblia yangu imeandika chakula. Hiyo nyama umeitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaanza kulichimba lile neno.

Biblia ile ilichapwa 1611. Wakati huo "meat" lilikuwa bado linabeba maana yake ya zamani, yaani chakula chochote, na mle ndani nyama yenyewe inaitwa "flesh". Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "mete". Waswidi, ambao lugha yao ina undugu na Kiingereza, hadi leo wanasema "mat" wakimaanisha chakula tu. Polepole Waingereza wakalibana neno lao mpaka likabaki na nyama, ingawa masalia yapo: "sweetmeat" ni kitu kitamu kama halua, hakina nyama hata chembe.

Sisi tumekwenda upande wa pili. Mboga ni majani, lakini Tanzania bara ukiuliza "leo mboga nini?" unaweza kujibiwa nyama ya ng'ombe, na hakuna atakayeshangaa.

Kwa hiyo wewe unayetafsiri, kabla hujagusa kamusi, tazama maandishi ni ya mwaka gani. Kamusi ya mfukoni itakupa maana ya leo. Tafuta Oxford English Dictionary, ile kubwa inayofuatilia neno tangu lilipoanza kuandikwa. Kisha soma yaliyo jirani na neno lenyewe. Walawi 2 katika King James inataja "meat offering", lakini ukiangalia kinacholetwa ni unga, mafuta na ubani. Wafasiri wetu wakaandika sadaka ya unga, na ninawaheshimu sana kwa hilo. Neno geni utaliuliza. Haya uliyoyazoea tangu darasa la tatu ndiyo yatakayokupita.

Siku hizi namwomba mhubiri mistari yake jioni ya kuamkia ibada. Nasoma Biblia mbili sambamba, na zikitofautiana namwuliza kabla hatujasimama mbele ya watu.