Gari haiwaki mpaka uzungushe selfu weee, ni pampu kweli?

SWALI: Habari fundi, gari yangu ni ya zamani kidogo, petroli, ya nozo (vile vinavyopulizia mafuta kwenye injini) siyo kabureta. Asubuhi nazungusha selfu weee ndo iwake, ikishawaka iko poa kabisa na nikizima nikawasha hapohapo inashika mara moja, ila nikiipaki masaa kadhaa shida ileile. Nimeshabadilishiwa plagi na betri, sasa naambiwa ninunue pampu ya mafuta. Ninunue?

JIBU: Usinunue bado. Hiyo dalili inanuka presha ya mafuta kushuka gari ikiwa imezimwa, ndo maana ukiwasha hapohapo haisumbui. Kesho kabla hujapiga selfu weka switchi ON, sikiliza kama pampu inaunguruma sekunde 2 hivi, rudisha OFF, rudia mara tatu ndo upige selfu. Ikishika fasta basi pampu nguvu inayo, kinachovuja ni presha. (Kuna gari za zamani pampu haiungurumi mpaka selfu izunguke, kwa hiyo usipoisikia usiihukumu, kipimo hiki tu ndo hakitakufaa.)

Sasa inavujia wapi, hapo ndo watu wanakula hasara. Chomoa kile kimpira chembamba cha upepo kwenye regyuleta ya presha (kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta yanayoenda kwenye nozo), ukikuta kina petroli ndani regyuleta imekufa, na hicho ni kifaa kidogo tu. Kama ikiwaka inatoa moshi mweusi na harufu kali ya mafuta, shuku nozo inadondosha. Pote pakavu? Basi mwambie fundi afunge geji ya kupima presha ya mafuta, gari nyingi za nozo zinasoma kama bar 2.5 mpaka 3, azime halafu aubane mpira unaotoka kwenye tanki: presha ikibaki palepale, ila bila kuubana inaporomoka, tatizo liko upande wa tanki, mara nyingi kivalvu cha kuzuia mafuta yasirudi, na kwa kuwa kinakuja na pampu yenyewe basi fundi wako atakuwa amepatia, ila kwa kubahatisha. Na anapofungua mipira hiyo sigara mbali, injini iwe imepoa.

Ukifanya ile ya ON mara tatu na pampu umeisikia lakini bado inagoma vilevile, achana na presha ya mafuta kwanza, cheki sensa ya joto la maji, ikidanganya kwamba injini ni ya moto asubuhi gari inapewa mafuta kidogo.